Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Maktaba ikifungwa saa 2 usiku, sisi twende wapi?

Profesa, Makamu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo.

YAH: SAA ZA MAKTABA, UPATIKANAJI WA VITABU NA HUDUMA ZA USTAWI WA WANAFUNZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Ualimu, masomo ya Kiswahili na Historia. Nakuandikia hadharani baada ya kuandika kimyakimya mara tatu. Barua ya kwanza tuliipeleka kwa Mkutubi Mkuu Novemba mwaka jana, ikiwa na saini za wanafunzi wa darasa letu, tukaambiwa kuwa saa za kufunga haziko mikononi mwake. Ya pili tuliipeleka kwa Mlezi wa Wanafunzi mwezi Januari. Iligongwa muhuri wa kupokelewa, nikapewa nakala yangu, na muhuri ule ndio jibu pekee tulilonalo mpaka leo. Ya tatu ililetwa ofisini kwako mwezi Machi. Katibu muhtasi wako alinipokea kwa upole akanieleza kuwa imeingia kwenye jalada. Nimeifuatilia mara nne. Naamini hujaiona, Profesa, na ndiyo sababu naiweka mahali ambapo utaiona.

Sitaji jina la chuo chetu, kwa sababu nakipenda. Wewe unakijua, na wanaosoma hapa wataitambua maktaba yao wenyewe.

Nina malalamiko matano, ila yote yanatokana na jambo moja. Utawala umeweka maktaba upande huu na ustawi wa wanafunzi upande ule: ofisi mbili, bajeti mbili, vikao viwili ambavyo havikutani. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa pesa ya Bodi ya Mikopo, haya ni jambo moja. Mahali pekee hapa chuoni ambapo anapata kiti, meza, taa, feni na ukimya kwa pamoja ni maktaba. Ukimfungia mlango ule unakuwa umemnyima kitabu, na umemnyima pia mahali pa kutuliza akili.

1. Saa za kufungua na kufunga

Jumatatu hadi Ijumaa maktaba inafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Jumamosi inafungwa saa 8 mchana. Jumapili na sikukuu haifunguliwi kabisa. Kwenye ripoti hizo ni saa 12 kwa siku, na huenda zinaonekana nyingi.

Sasa itazame Jumanne ya darasa letu. Lekcha ya kwanza ni saa 2 asubuhi, zinafuatana semina mbili, na lekcha ya mwisho inaanza saa 11 jioni na kwisha saa 1 usiku, kwa sababu kumbi kubwa ni chache na sisi wa ualimu ni wengi. Mpaka ushuke kilima, upange foleni ya kuacha begi kwa mlinzi, utafute kiti, imeshafika saa 1 na dakika 20. Saa 1 na dakika 40 kengele ya kwanza inalia. Una dakika 20 za kusoma, na nusu yake umeitumia kutafuta kitabu rafuni.

Tukitolewa hapo tunakwenda vimbwetani, yaani kwenye meza na mabenchi ya nje. Vimbweta vya upande wa kafeteria vina taa mbili, na moja wapo ni ya lindo. Anayewahi anapata mwanga, anayechelewa anamulika kwa simu mpaka chaji iishe. Masika ikianza hata hapo hapakaliki. Unarudi hosteli, kwenye chumba kilichojengwa kwa watu wanne na kinacholaza sita au saba. Ndiyo, tunabebana, na unajua kwamba tunabebana. Wenzetu hawakupangiwa vyumba na hawana kodi ya geto, yaani chumba cha kupanga mtaani. Tuwaache walale wapi? Humo chumbani mmoja amelala, mwingine anapika, wa tatu yuko kwenye simu na mama yake, wa nne anajaribu kuandika utafiti wake wa mwaka wa tatu akiwa amekalia ndoo. Nimeandika kurasa nyingi za utafiti wangu nikiwa nimekalia ndoo hiyo.

Mimi ni msichana, na nataka hili lisikike kivyake. Mwaka wa kwanza nilipanga mtaani, ng'ambo ya bonde, na njia ya kwenda huko haina taa hata moja. Nilipoona hivyo niliacha kusoma jioni chuoni. Sikuwa peke yangu. Wapo wasichana wenye akili kunizidi ambao masomo yao yanaishia saa 12 jioni, kwa sababu baada ya hapo kila hatua ni hesabu ya hatari.

Najua jibu la kwanza, nililipewa kwa mdomo: maktaba inafungwa mapema kwa ajili ya usalama wetu. Profesa, naomba siku moja usimame nje ya mlango ule saa 2 usiku. Utaona mamia ya vijana wakimwagika gizani kwa wakati mmoja, wakitoka kwenye jengo lenye ukuta, geti, mlinzi na taa, wakienda kutafuta mwanga sehemu ambazo hazina hata kimoja cha hivyo. Kama ni usalama, tungebaki ndani.

Jibu la pili ni umeme na wafanyakazi. Hapa nina pendekezo, na si la kwangu peke yangu. Wahudumu wenyewe walinisaidia kulifikiri. Ukumbi wa chini una mlango wake na hauna rafu za vitabu. Ghorofa za juu zifungwe saa 2 kama kawaida, wakutubi warudi kwa watoto wao. Ukumbi ule mmoja ubaki wazi hadi saa 6 usiku, na mlinzi mmoja na msimamizi mmoja. Msimamizi anaweza kuwa mwanafunzi wa uzamili anayelipwa posho ndogo, na kuna wengi wanaoihitaji posho hiyo.

2. Vitabu

Darasa letu lina watu zaidi ya 400. Kitabu kikuu cha kozi yetu ya isimu kina nakala 2, zinawekwa dirishani, unaachiwa kwa muda wa saa 2 na huruhusiwi kutoka nazo. Kompyuta ya katalogi inasema nakala zipo 7. Nilipouliza hizo 5 ziko wapi, mhudumu alinijibu bila kuzunguka kwamba hesabu ya vitabu rafuni haijafanywa kwa miaka mingi. Nilimshukuru na namshukuru tena hapa. Wahudumu wa kaunta wanatukanwa bure kila siku kwa makosa ambayo si yao.

Kwa hiyo tunaishi kwa madesa. Unakwenda steshenari ya getini, unataja namba ya kozi, unapewa kopi ya kopi ya kopi, ambayo namba za kurasa zimeshafutika na mistari ya pembeni imekatwa. Kuna sura nzima niliyoisoma muhula mmoja bila kujua aliyeiandika ni nani. Kisha kwenye kazi ya nyumbani mhadhiri anakata maksi kwa kutotaja chanzo, naye ana haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na kudurufu kitabu kizima ili kukiuza ni kula jasho la mwandishi. Kwetu sisi wa Kiswahili linauma zaidi, kwa kuwa baadhi ya waandishi hao ni walimu wetu, wanapita mbele ya steshenari hiyo wakienda nyumbani.

Mwakani nitakuwa mwalimu. Nitasimama mbele ya watoto wa kidato cha tatu nikiwahimiza wasome vitabu, na vitabu vya taaluma yangu nilivyovisoma mwanzo hadi mwisho kwa miaka mitatu ya chuo kikuu havifiki vidole vya mkono mmoja. Wenye uwezo hununua vyao mjini. Siku nyingine tunakwenda maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, tunabanana na wanafunzi wa sekondari kwenye meza zao. Wanatukaribisha vizuri, na mimi naona haya kuchukua kiti cha mtoto mwenye mtihani wa Necta.

3. Majarida ya mtandaoni

Kwenye vitabu vya karatasi nakubali kuwa pesa ni tatizo. Kwenye majarida sikubali, na ndiyo maana hapa naumia zaidi.

Tangu mwaka 2002 upo mpango unaoitwa leo Research4Life. Ulianza na mkusanyo wa afya, Hinari, chini ya Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa. Ukaja wa kilimo, Agora, mwaka 2003, na mingine baadaye. Taasisi za nchi ambazo Umoja wa Mataifa unaziweka katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zikishajiandikisha hupata maelfu ya majarida bila malipo. Wanaoruhusiwa kusoma ni jumuiya nzima ya taasisi: wahadhiri, watafiti na wanafunzi. Aidha maktaba za vyuo vikuu nchini zina muungano wao, COTUL, unaowawezesha kujadiliana na wachapishaji kwa sauti moja. Sisi hatuanzi sifuri.

Chuo chetu kimejiandikisha, nimethibitishiwa hivyo. Lakini wahadhiri ndio wanaopewa njia ya kuingia, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaambiwa amwombe mhadhiri ampakulie makala. Mhadhiri mwenye wanafunzi 400 apakue makala za nani aache za nani?

Hata majarida tunayoruhusiwa yanafunguka ukiwa ndani ya mtandao wa chuo tu. Sababu naielewa: mchapishaji hamtambui mtu, anatambua anwani ya mtandao ulioingilia. Ukitoka getini anwani inabadilika na mlango unafungwa. Lakini hili lina ufumbuzi wa zamani. Mafundi wa mtandao wanaweka seva wanayoiita proksi. Mwanafunzi akiwa geto anaingiza namba yake ya usajili na nenosiri, seva inathibitisha kuwa ni wa hapa, na mchapishaji anamwona kama yuko chuoni. Namba zetu za usajili na manenosiri tayari yapo, ndiyo tunayoangalizia matokeo. Fundi mmoja wa kitengo chenu cha tehama aliniambia ni kazi ya wiki chache, ila hakuna aliyemwagiza.

Wakati huo huo tunanunua bando. Pesa ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, ya kula na ya kulala pia. Wenye mkopo nusu au wasio na mkopo kabisa sina haja ya kukueleza wanavyoishi. Mtu anayekula mara moja ili anunue bando la kusoma makala ambayo chuo chake kinaipata bure, mtu huyo tatizo lake la ustawi na tatizo lake la maktaba utayatenganisha vipi?

4. Wenzetu wasioona

Tunaye mwenzetu wa darasa asiyeona. Maktaba ina chumba cha wenye mahitaji maalumu chenye kompyuta moja inayosoma kwa sauti, na ufunguo anao mtumishi mmoja anayeondoka saa 9 na nusu alasiri. Baada ya hapo sisi ndio kompyuta yake. Tunapokezana kumsomea kimbwetani, mmoja anasoma, mwingine anamulika kwa tochi ya simu.

Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unataka nchi wanachama ziruhusu kitabu kigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au maandishi yanayosomeka na kompyuta, kwa ajili ya wasioona, bila kusubiri kibali cha mwenye hakimiliki. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na watu wawili wasioona, inasoma skrini kwa sauti na inatolewa bure. Iwekwe kwenye kila kompyuta ya maktaba. Hakuna zabuni inayohitajika hapo, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikusema haki zao ziishe saa 9 na nusu.

5. Ustawi wa wiki moja

Muhula uliopita chuo kiliandaa Wiki ya Ustawi wa Wanafunzi. Nilishiriki. Niliamka alfajiri nikakimbia kilomita 5, nilivaa fulana, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka kwenye fainali ya bonanza la hosteli. Nilifurahi kweli, na waliokesha wakipanga viti nawashukuru. Michezo ni dawa. Asitokee mtu akasema watu wa maktaba wanapinga bonanza.

Lakini maonyesho ya wiki hiyo yaliwekwa kwenye ukumbi wa chini wa maktaba. Meza zetu zilitolewa na kurundikwa barazani, spika zikafungwa, na kwa siku 4 ukumbi wenye viti vingi kuliko vyote ukawa wa mabanda ya wadhamini. Wiki mbili baadaye tulikuwa kwenye UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Siku ya tatu nilimkuta mwenzangu amekaa kwenye ngazi za kwenda ghorofa ya pili, kitabu mapajani, amejiziba masikio kwa viganja. Ukutani juu ya kichwa chake kulikuwa na bango la afya ya akili.

Wiki ikaisha, bango likabaki, ukarudi utaratibu wa kila siku, ambao ni huu: chuo chenye maelfu ya wanafunzi kina mnasihi mmoja. Anafanya kazi ya watu kumi na sina neno naye. Ofisi yake iko jengo la utawala, kwenye korido moja na ofisi ya nidhamu. Benchi la kusubiria liko mahali ambapo kila anayekwenda kuuliza ada anakuona. Inafunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri siku za kazi, yaani muda uleule wa lekcha.

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani alianza kuzama polepole. Matokeo yalitoka ana sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, na hofu ya kudisko, kuondolewa masomoni, ikamkaa. Aliacha kwenda kula; akasema bumu, pesa ya mkopo, limeisha, tukamwamini. Aliacha kuoga. Akawa analala mchana, na usiku yuko macho anaangalia dari. Nilimshika mkono tukaenda kwa mnasihi mara tatu. Mara ya kwanza yuko semina mkoani. Mara ya pili foleni ilifika saa 9 tukiwa bado wawili mbele yetu. Mara ya tatu mlango umefungwa na pamebandikwa namba ya simu ambayo haikupokelewa. Mara ya nne alikataa kuinuka kitandani. Mama yake alisafiri kwa basi usiku kucha akaja kumchukua.

Ameahirisha mwaka. Anaendelea vizuri, na ameniruhusu kuyaandika haya. Aliniambia neno moja baadaye ambalo ndilo lililonifanya nianze kuandika barua hizi zote. Alisema kwamba katika wiki zile mbaya, muda pekee aliojiona mzima ni ule aliokaa ghorofa ya juu ya maktaba karibu na dirisha. Alikuwa hasomi. Alikaa pale kwa sababu kulikuwa na watu na hakuna aliyemuuliza kitu. Kengele ya saa 1 na dakika 40 ikilia, mikono ilianza kumtetemeka, kwa kuwa alijua sasa anarudi usiku.

Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, linaieleza afya kuwa ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya mtu katika jamii, wala si kukosa maradhi tu. Shirika hilohilo linataja kujiua miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29, rika letu. Na hapa kuna hofu ambayo hakuna bango lililoigusa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Wanafunzi wa sheria wanakijua, wengine tumekisikia kwao, na kinavyosambazwa hosteli kimekuwa kikubwa kuliko kilivyoandikwa: mtu anaamini akimwambia mnasihi anachokiwaza atakabidhiwa polisi au atafukuzwa chuo. Chuo hakibadilishi sheria ya nchi. Kinaweza lakini kuandika, kwa saini yako, kwamba kusema unaumia si kosa na kwamba anachokisikia mnasihi kinabaki kwa mnasihi.

Kuna na mambo madogo ambayo hayahitaji mdhamini wala mgeni rasmi. Riwaya na diwani za Kiswahili zimefungiwa nyuma ya wavu kwenye mkusanyo wa Afrika Mashariki, haziazimwi. Nakala adimu zilindwe, nakubali. Ila kuna riwaya zinazouzwa madukani mpaka leo, kwa nini nazo ziko nyuma ya wavu? Zitolewe, tuazime, tulale nazo. Ijumaa jioni ukumbi wa chini utupe saa moja ya kusomeana mashairi na hadithi, na barazani wekeni mbao za bao na sataranji. Nimeona kijana aliyekaa wiki mbili bila kuongea na mtu akifungua mdomo kwa mara ya kwanza kwa sababu mwenzake kakosea kusambaza kete.

Nijibu na mengine ambayo yatasemwa

Yatasemwa kwamba hatukufuata ngazi. Tumefuata, na mihuri tunayo. Serikali ya Wanafunzi ilizungumza suala hili kwenye kikao chake na kuliwasilisha.

Itasemwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichopata maktaba mpya iliyozinduliwa Novemba 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na kwamba sisi hatujapata bahati hiyo. Hatuombi jengo. Jengo tunalo, tunaomba funguo zake.

Itasemwa, na hili nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwamba nyinyi mlisoma kwa shida kubwa zaidi na hamkulalamika. Nalipokea kwa adabu, Profesa. Elimu ya chuo kikuu katika nchi yetu ilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja cha sheria. Kizazi chenu kilikuwa cha wachache, na serikali ilibeba kitanda, chakula na kitabu. Sisi tumekuja enzi ya Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, tunasoma kwa deni tutakalolipa kwenye mishahara yetu. Sisemi shida zenu zilikuwa ndogo. Nasema kuwa ninyi mliozijua ndio mnaoweza kuziondoa haraka zaidi.

Tunachoomba

Kabla ya UE ya muhula huu, yaani ndani ya wiki 6:

(a) Ukumbi wa chini ubaki wazi hadi saa 6 usiku siku za kazi, na Jumapili ufunguliwe kuanzia saa 8 mchana. Njia ya bondeni iwekewe taa, au basi la chuo lizunguke mara moja saa 6 kuwapeleka wanaoishi ng'ambo.

(b) Wanafunzi wote wafunguliwe Research4Life, na kitengo cha tehama kiagizwe kwa maandishi kuweka proksi.

(c) NVDA iwekwe kwenye kompyuta zote, na ufunguo wa chumba maalumu uachwe kaunta.

(d) Ukumbi wa kusomea usitumike kwa maonyesho wala sherehe yoyote katika wiki 4 zinazotangulia mitihani.

Mengine yanahitaji muda na bajeti, tunaelewa: kuhesabu vitabu rafuni wakati wa likizo ndefu, na wanafunzi tuko tayari kujitolea kufanya kazi hiyo, kununua angalau nakala 10 za kitabu kikuu cha kila kozi yenye zaidi ya watu 200, kuajiri wanasihi wengine wawili, mmoja awe mwanamke, na kuwapa chumba maktabani badala ya korido ya nidhamu. Mwanafunzi akiingia maktaba hakuna anayemuuliza anakwenda kufanya nini. Mnasihi akiwa humo, atafikiwa na wale ambao leo wanapita mbele ya lile benchi wakiangalia chini.

Naomba kikao na wewe, pamoja na Mkutubi Mkuu na Mlezi wa Wanafunzi, siku yoyote utakayopanga. Tutakuja watatu: mimi, mwenzetu asiyeona, na mwakilishi wa darasa. Ikikupendeza, kikao kiwe saa 1 jioni, kwenye ukumbi wa chini wa maktaba, ili kengele itukute pale.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Ualimu,
kwa niaba ya waliosaini barua ya mwezi Machi.

Nakala:
Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma
Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Mipango, Fedha na Utawala
Mkutubi Mkuu
Mlezi wa Wanafunzi
Rais, Serikali ya Wanafunzi